Kikapu cha Duka la Intaneti ni Daftari, si Pambo

Siku hizi si ajabu, baada ya chakula cha jioni, kumsikia mume akimwambia mkewe, au mama akimwambia bintiye: "Na sisi tufungue duka letu kwenye intaneti." Maneno hayo hayatokani na kupenda makuu. Mshahara wa mfanyakazi wa mjini haufiki mwisho wa mwezi bila kusaidiwa, na familia nyingi zimekwisha kujitafutia kazi ya pembeni. Huyu anashona mashati ya vitenge, yule anatia rangi vitambaa vya batiki, mwingine anasaga viungo vya pilau na kuvitia katika pakiti. Wanunuzi wa kwanza huwa majirani na wafanyakazi wenzake. Kisha sifa huenea, simu huanza kupigwa kutoka Mwanza na Mbeya, ndipo linapozaliwa wazo la duka lisilo na mlango.

Wazo hilo ni jema, wala hatuna nia ya kumvunja mtu moyo. Hata hivyo, fedha za kulitekelezea mara nyingi si fedha za kuchezea. Ni akiba ya kikundi cha akina mama, au mkopo wa SACCOS unaokatwa katika mshahara kila mwezi, au kiinua mgongo cha baba aliyestaafu, ambacho hakilipwi mara mbili. Kwa sababu hiyo, Jumapili ya leo tutazungumza juu ya chombo kimoja tu cha duka la namna hiyo, ambacho wengi hukichagua kwa macho na kukijutia kwa mfuko. Chombo chenyewe ni programu ya kikapu.

KIKAPU NI KUMBUKUMBU

Yafaa kwanza tuelewe kikapu hicho ni kitu gani. Mwaka 1937, katika mji wa Oklahoma City nchini Marekani, mwenye maduka mmoja aitwaye Sylvan Goldman aliona kwamba wateja wake waliacha kununua pindi kikapu cha mkononi kilipokuwa kizito. Akatengeneza kikapu cha kusukuma chenye magurudumu. Mwanzoni watu walikikataa, ikambidi awalipe watu wa kuvisukuma vikapu hivyo dukani ili wengine waige. Leo hakuna duka kubwa la kujihudumia lisilo navyo.

Duka la intaneti lilikuwa na shida ya namna nyingine. Mashine inayotunza tovuti, iitwayo seva, kwa asili yake haina kumbukumbu ya mtu anayeitembelea. Kila ukifungua ukurasa mpya hukupokea kama mgeni ambaye haijapata kumwona. Ungechagua shati katika ukurasa mmoja, ukaenda kutazama kanga katika ukurasa wa pili, na shati lako lingekuwa limekwisha kusahauliwa. Mwaka 1994 Lou Montulli, mtaalamu wa kampuni ya Netscape ya Marekani, alibuni maandishi mafupi ambayo seva humkabidhi mgeni, naye huyarudisha kila anapofungua ukurasa mwingine, mfano wa kibati cha namba anachopewa mtu aliyeacha mzigo wake mlangoni. Maandishi hayo huitwa kidakuzi. Kazi mojawapo iliyosababisha yabuniwe ni hiyo hiyo ya kukumbuka kilichomo ndani ya kikapu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiidhanie ile picha ndogo ya kikapu iliyo pembeni mwa ukurasa kuwa ndiyo kikapu. Kikapu ni kumbukumbu yote iliyo nyuma yake: nani kachukua nini, kwa bei gani, kimelipiwa au hakijalipiwa, kipelekwe wapi, na stoo vimebaki vingapi. Kwa lugha ya wafanyabiashara wetu wa zamani, hilo ni daftari. Na wahenga walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Anayekwenda kununua daftari hutazama kama mistari yake imenyooka na kama kurasa zake hazichomoki. Lakini anayechagua programu ya kikapu hutazama rangi, picha zinazojigeuza zenyewe, na maua yanayoelea juu ya ukurasa. Kipya kinyemi, kingawa kidonda.

JE, WAKATI UMEFIKA?

Kabla ya kuchagua kikapu, jiulize kama unakihitaji. Mtu anayeuza vitu kumi kwa wiki, ambaye wateja wake wote wanamfahamu kwa jina, anaweza kuendelea vizuri kwa WhatsApp ya biashara. Huduma hiyo ina orodha ya bidhaa, na tangu mwaka 2020 ina kikapu chake kidogo ambacho mnunuzi hukijaza na kumtumia muuzaji kama ujumbe. Ukiongeza juu yake Lipa Namba na daftari la karatasi linaloandikwa kila jioni, hilo ni duka kamili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Dalili za kwamba wakati umefika zinajulikana. Ya kwanza ni kuuza kitu kimoja kwa watu wawili, kwa kuwa wewe ulimwahidi mmoja na binti yako akamwahidi mwingine. Ya pili ni kushinda kutwa nzima ukijibu swali lile lile: "Mnayo saizi kubwa? Ni shilingi ngapi hadi Dodoma?" Ya tatu ni kukuta fedha katika simu bila kujua ni za nani wala za kitu gani. Ukiziona dalili hizo, daftari la karatasi limeelemewa, na ni halali kutafuta lililo kubwa zaidi.

KUPANGA FREMU AU KUJENGA KIWANJANI

Programu za kikapu ni nyingi, lakini karibu zote huingia katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kupanga. Mfano wake unaojulikana zaidi ni Shopify, kampuni ya Kanada iliyoanza mwaka 2006, baada ya waanzilishi wake kuhangaika kutafuta programu ya kuuzia mbao za kutelezea kwenye theluji, wakaamua kujiundia yao wenyewe. Humo kila kitu ni cha mwenye nyumba: seva ni yake, ulinzi ni wake, marekebisho ni yake. Wewe unaingiza bidhaa, unalipa kodi, unauza. Ni sawasawa na kupanga fremu Kariakoo: asubuhi unafungua mlango na biashara inaanza, lakini mwezi ukiisha kodi inadaiwa, umeuza au hukuuza.

Fungu la pili ni la kujenga. Mfano wake ni WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011, ambayo hupachikwa juu ya WordPress, programu ya kutengenezea tovuti iliyopo tangu mwaka 2003. Zipo pia PrestaShop, iliyoanza Ufaransa mwaka 2007, na OpenCart. Hizi ni programu huria: mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzitumia na kuzibadili bila kulipia leseni. Lakini kiwanja lazima ukitafute wewe, yaani nafasi katika seva. Fundi lazima umlipe wewe. Na paa likivuja usiku wa manane, mvua ni yako peke yako.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia inauza mashati 60 kwa mwezi, kila shati shilingi 40,000, na faida ya kila shati, baada ya kitambaa na ushonaji, ni shilingi 8,000. Mauzo yatakuwa shilingi 2,400,000 na faida shilingi 480,000.

Sasa tuipeleke familia hiyo katika fremu ya kupanga. Mwaka 2023 Shopify ilipandisha kodi ya daraja lake la Basic nchini Marekani kutoka dola 29 hadi dola 39 kwa mteja alipaye mwezi kwa mwezi. Tuchukue dola hizo 39, na kwa ajili ya hesabu tukadirie dola moja kwa shilingi 2,500. Kodi itakuwa shilingi 97,500. Aidha, mwenye duka asiyetumia huduma ya malipo ya Shopify yenyewe, ambayo Tanzania haipo, hutozwa katika daraja hilo asilimia 2 ya kila ununuzi unaopitia kwa wakala mwingine wa malipo. Asilimia 2 ya shilingi 2,400,000 ni shilingi 48,000. Jumla ni shilingi 145,500, yaani shilingi 30 katika kila shilingi 100 za faida. Makato ya wakala wa malipo hatukuyahesabu, kwa kuwa hayo yapo katika njia zote mbili.

Tuipeleke familia hiyo hiyo kiwanjani. Tuseme nafasi ya seva pamoja na jina la tovuti ni shilingi 300,000 kwa mwaka, ambazo ni 25,000 kwa mwezi, na fundi wa kulitazama duka analipwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 85,000. Nafuu ipo, lakini isikudanganye. Ukimwondoa fundi ili kuokoa shilingi 60,000, kazi yake haikuondoka pamoja naye. Imehamia kichwani mwako, na kama huiwezi, duka limebaki bila mlinzi.

Sasa tazama mwezi mbaya. Mashati yamepungua kutoka 60 hadi 20, na faida imekuwa shilingi 160,000. Katika fremu ya kupanga familia italipa kodi ile ile ya 97,500 na asilimia 2 ya mauzo, yaani 16,000. Jumla ni 113,500, na kinachobaki ni shilingi 46,500 za kulisha watu wazima na watoto. Kiwanjani zitabaki shilingi 75,000. Hakuna mwezi wa namna hiyo katika matangazo ya programu hizi, lakini katika maisha ya mfanyabiashara mdogo upo, nao huja zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Hatusemi kwamba kupanga ni vibaya. Mtu asiye na fundi wa kuaminika, ambaye bidhaa zake zina faida kubwa na wanunuzi wake wengi wako Ulaya au Marekani na hulipa kwa kadi, huenda akaona kodi hiyo ni halali yake kabisa. Tunachosema ni kwamba hesabu ifanywe kwa penseli kabla ya kutazama picha, na ifanywe kwa mwezi mbaya, si kwa mwezi mzuri.

MNUNUZI WAKO ANALIPAJE?

Swali la pili ni la malipo. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mnunuzi wetu wa kawaida amezoea kulipa kwa simu. Programu nyingi za kikapu, lakini, zilitungwa katika nchi ambazo mtu hulipa kwa kadi ya benki. Ukizichukua kama zilivyo, mteja wako wa Morogoro ataombwa namba 16 za kadi asiyokuwa nayo, naye atafunga ukurasa.

Dawa yake ni wakala wa malipo, kama vile Selcom, Pesapal au AzamPay, ambaye husimama kati ya kikapu chako na mitandao ya simu. Utaratibu wake, kwa kifupi, ni huu. Mnunuzi huandika namba yake ya simu. Simu yake huletewa ujumbe wa kuthibitisha, naye huandika namba yake ya siri humo humo katika simu, wala si katika tovuti yako. Fedha ikishapita, wakala huipelekea seva yako taarifa, na kikapu huandika: imelipwa.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ya kuichunguza. Taarifa ikichelewa au ikipotea njiani, mteja amekwisha kukatwa fedha zake na daftari lako linasema hajalipa. Mteja wa namna hiyo hana haja ya kusikia habari za seva. Anajua ameibiwa, na mtaa mzima utaelezwa. Basi kabla ya kuchagua kikapu uliza kama kipo kiungo cha kukiunganisha na wakala unayemtaka, nani anakitunza kiungo hicho, kilirekebishwa lini mara ya mwisho, na kama kinaweza kumwuliza wakala tena pale taarifa isipofika. Mwulize wakala pia kama ana leseni ya Benki Kuu, na fedha zako hukaa kwake siku ngapi kabla ya kufika katika akaunti yako. Mshonaji hawezi kununua kitambaa cha Jumatatu kwa fedha itakayofika Ijumaa.

GHARAMA YA SAFARI NA ANWANI

Taasisi ya Baymard ya Denmark, ambayo hukusanya matokeo ya uchunguzi mbalimbali wa maduka ya intaneti, imepata kwamba takriban vikapu 7 katika kila 10 huachwa bila kulipiwa. Kwa watu waliokuwa na nia ya kununua kweli, sababu inayoongoza ni gharama za nyongeza zinazojitokeza mwishoni, kama vile nauli ya mzigo na kodi. Hilo halihitaji mtaalamu wa Ulaya kulieleza. Hata sokoni, muuzaji anayetaja bei moja kwanza na nyingine baada ya kufunga mzigo huachiwa mzigo wake.

Kikapu chako, basi, kiweze kutaja nauli mapema, na kiitaje kwa hali ya kwetu. Mzigo wa Sinza hupelekwa na bodaboda. Mzigo wa Iringa hupakiwa kwenye basi na kupokewa kituoni. Tafuta programu inayokuruhusu kugawa nchi katika maeneo na kuwekea kila eneo bei yake. WooCommerce, kwa mfano, ina uwezo huo bila nyongeza yoyote.

Halafu tazama fomu ya anwani. Kazi kubwa ya anwani za makazi ilifanyika nchini kote mwaka 2022, lakini mwenye bodaboda bado huelekezwa kwa maneno: nyuma ya shule, mkono wa kushoto wa msikiti, geti la bluu. Kikapu kinachomlazimisha mteja kujaza msimbo wa posta na jina la jimbo, kisha kikakataa kuendelea, kinafukuza watu. Fomu nzuri kwa duka letu ina mambo machache: jina, namba ya simu, mkoa, mtaa, na nafasi ya kueleza alama ya karibu. Namba ya simu ikubaliwe ikiandikwa kwa 07 au kwa 255. Na maneno yote yaweze kuandikwa kwa Kiswahili, kwani mtu hutoa fedha zake kwa moyo mweupe pale anapoelewa anachokubali.

SHATI MOJA, WANUNUZI WAWILI

Fikiria shati moja limebaki, na watu wawili wamelitia katika vikapu vyao kwa dakika ile ile. Programu nyingine hulishikilia shati tangu linapoagizwa, zikampa mnunuzi muda wa kulipa, na muda ukipita zikalirudisha stoo. Katika WooCommerce muda huo ni dakika 60, nawe waweza kuubadili. Nyingine hazishikilii kitu mpaka fedha ifike. Kila njia ina ubaya wake. Ukishikilia kwa muda mrefu, mtu asiye na nia ya kununua anakufungia mali. Ukishikilia kwa muda mfupi, mtu ambaye mtandao wa simu yake unasuasua ananyang'anywa shati aliloanza kulilipia. Lililo muhimu ni wewe kujua kikapu chako kinafanyaje, usije ukalijua siku ya mkesha wa Idi au Krismasi.

Kadhalika, kama mashati yako yana saizi tano na rangi nne, hayo ni mafungu 20, na kila fungu lina hesabu yake. Hakikisha kwamba programu inayahesabu mafungu hayo mbali mbali, na kwamba shati lililouzwa mkono kwa mkono nyumbani linaweza kupunguzwa katika daftari hilo hilo kwa simu, bila kuwasha kompyuta.

MLINZI WA USIKU

Duka la intaneti halifungwi usiku, na wezi wake hawalali. Magento ilikuwa programu ya kikapu yenye sifa kubwa duniani tangu ilipotolewa mwaka 2008. Wenyewe wakatoa toleo la pili, na tarehe 30 Juni 2020 wakaacha kulihudumia toleo la kwanza. Wenye maduka wengi waliona uvivu wa kuhama. Duka bado lilikuwa linauza, ya nini kujisumbua? Septemba ya mwaka huo huo, katika siku chache za mwisho wa juma moja, wahalifu waliyavamia maduka karibu 2,000 ya Magento, mengi yakiwa ya toleo lile lililostaafishwa. Wakapachika humo maandishi ya kunasa namba za kadi za wateja katika ukurasa wa kulipia.

Funzo ni kwamba programu ya kikapu si kabati la mbao linalonunuliwa mara moja. Ni kama gari: isipofanyiwa matengenezo itakuacha njiani. Ukijenga mwenyewe, panga nani atakayeirekebisha programu kila linapotoka toleo jipya, na akiba ya daftari lako itunzwe mahali pengine, si katika seva ile ile. Usikubali kamwe namba za kadi za wateja zihifadhiwe kwako. Mwachie wakala wa malipo kazi hiyo.

Majina, simu na anwani za wateja nazo ni amana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika nazo mbele ya sheria, hata kama duka lake ni chumba kimoja cha Mbagala. Kwa hiyo usiombe usichokihitaji. Anayenunua pakiti ya viungo hana sababu ya kukuambia tarehe yake ya kuzaliwa.

SIKU YA KUHAMA

Tumefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kubwa kuliko yote, nalo huulizwa na wachache. Siku utakapotaka kuondoka katika programu hii, utaondoka na nini?

Siku hiyo itakuja. Kodi itapanda, au fundi atahama, au kampuni itafungwa, au duka lako litakua. Programu nyingi zinazofaa hukuruhusu kutoa orodha ya bidhaa, wateja na maagizo katika faili la jedwali liwezalo kufunguliwa na kompyuta yoyote. Lakini sura ya duka, na nyongeza ulizozinunua, kwa kawaida hubaki kwa mwenye nyumba, na namba za siri za wateja hazihami. Ukiambiwa kwamba orodha ya wateja wako haiwezi kutolewa, geuka urudi mlangoni ulikoingilia. Hiyo si programu ya kukusaidia kuuza. Wewe na wateja wako ndio mnaouzwa.

Kubwa zaidi ni jina la tovuti. Yako maduka ambayo fundi aliandikisha jina kwa jina lake mwenyewe, kwa nia njema au mbaya, na siku walipokosana mwenye duka akakuta kibao chake, kilichojulikana na wateja wote, ni mali ya mtu mwingine. Jina liandikishwe kwa jina lako au la kikundi chenu, kwa anwani yako ya barua pepe, na stakabadhi ya malipo uitunze pamoja na hati za nyumba.

Pia mtandao wenyewe unaweza kuhama usipotarajia. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo intaneti ilizorota vibaya. Mwenye kutoa nakala ya maagizo yake kila jioni aliweza kuendelea kufunga mizigo na kuwapigia wateja simu. Asiyefanya hivyo alikaa akisubiri.

JARIBIO LA SIKU SABA

Ndugu msomaji, usimwamini mwandishi huyu, wala fundi wako, wala tangazo. Programu nyingi hutoa siku za majaribio, na zile huria zinaweza kujaribiwa bila leseni. Zitumie siku hizo hivi. Ingiza bidhaa tatu tu. Mpe shangazi au jirani asiyezijua kompyuta simu yake ya kawaida, mwambie anunue kitu cha shilingi 1,000, nawe ukae kimya. Mahali atakapokwama ndipo wateja watakapokuacha. Kisha jinunulie mwenyewe, uzime data ya simu katikati ya malipo, uone daftari linaandika nini. Kisha rudisha fedha, kama vile mteja amelikataa shati, uone inachukua hatua ngapi. Mwisho toa orodha yote ya bidhaa, wateja na maagizo, uifungue katika kompyuta nyingine. Ikifunguka na kusomeka, daftari ni lako.

Mambo hayo manne hayamalizi jioni mbili, wala hayahitaji cheti cha chuo. Kaeni pamoja kama familia au kama kikundi, kila mmoja atazame, na matokeo myaandike katika karatasi. Programu ikifaulu majaribio hayo, na hesabu ya mwezi mbaya ikabakiza chakula cha watoto, basi ichukueni hata kama sura yake si ya kifahari. Rangi zitapakwa baadaye, kwa fedha ya faida.

Tunawatakia mauzo mema. Jumapili njema.